Mwambie Mwenyewe

Mtu akimpelekea mtoto aliyeshindikana, Mshauri hakuuliza mtoto amefanya nini. Aliuliza, "Huyu akitulia leo, nyumbani ni nani atakosa kazi?" Wazazi wengi walichukia papo hapo. Wengine waliinua mikoba yao wakaondoka, nami nikawaona wakipita mbele ya kibanda changu wakinung'unika kwamba yule mama akili hazimtoshi, wamempelekea mtoto mwizi naye anataka kujua baba na mama wanakula meza moja au vipi. Wengi wao walirudi. Hawakurudi wote, na nitakuwa muongo nikisema alimponya kila mtu.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka kumi na mmoja kibanda changu kilipakana na chumba chake, nyuma ya kanisa moja hapa Amalemba, mjini Kakamega, kwa hivyo nilimjua jinsi unavyomjua jirani mnayetumia naye bomba moja la maji. Sitamtaja jina. Yeye hakuwahi kunitajia mtu yeyote aliyeingia chumba kile, hata nilipomchokoza, na sioni haki ya kumtaja yeye. Mji ulimwita Mshauri. Mimi nilimwita Madam, kwa sababu alikuwa mwalimu kabla ya kusomea ushauri wa familia, na ualimu haukumtoka. Ukikaa vibaya kwenye kiti alikutazama mpaka ukajinyoosha.

Tulizoeana kwa sababu ya karatasi. Alikuja kuniomba karatasi ya kaki, ile ninayokatia vipimo, nikampa kipande cha urefu wa meza. Jioni nilipompelekea chai nikakuta ameijaza miraba na miduara iliyounganishwa kwa mistari, mingine minyoofu, mingine ya zigizaga. Nikamwuliza hilo ni gauni la mtindo gani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ilikuwa familia ya mtu. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari mnyoofu ni watu wanaopatana, zigizaga ni wanaogombana, na mahali mstari ulipokatwa katikati ni watu wasiozungumza tena. Kila mara alichora vizazi vitatu. Alisema ukichora kizazi kimoja utamwona mkosaji, ukichora viwili utauona ugomvi, na ukichora vitatu ndipo huruma inapokuja.

Miaka kadhaa baadaye, siku ya mvua isiyo na wateja, nilimwambia achore ya kwake. Nilikuwa natania. Alichukua kalamu akachora upesi sana, kama mtu aliyeichora mara nyingi akiwa peke yake. Mume wake marehemu, dada zake, na chini kabisa duara moja, mtoto wake wa pekee. Kati ya duara hilo na lake mstari ulikuwa umekatwa.

"Huyo ni msichana wangu," alisema. "Yuko Kitale. Hatuongei."

Akakunja karatasi mara nne, akaitia mkobani, akaniuliza kama nyuzi nyeupe zimepanda bei.

Nilimhurumia, na nakiri pia kwamba nilishangaa. Watu walitoka Malava, Shinyalu, hata Mumias, kuja kwa mwanamke huyu awarudishie watoto wao. Wenye midomo mjini walikuwa na methali yao, mganga hajigangi, na waliisema bila hata kushusha sauti.

Lakini kazi yake aliijua, na alichokuwa hakijui alijifunza kwa kuaibika. Kosa lake la kwanza hapa lilikuwa la viti. Chuoni alifundishwa kupanga viti kwa duara ili kila mtu amwone mwenzake, naye akarudi na duara lake kana kwamba hakukulia Shinyalu. Familia mojawapo ya mwanzo ilikuwa na mama mkwe na mume wa binti yake. Yule mama alifika mlangoni, akaona kiti chake kimetazamana na cha mkwe, goti kwa goti. Akafunika uso kwa leso, akageuka, akaenda moja kwa moja mpaka stendi ya magari. Kijana naye, kwa aibu, alipitia mlango wa nyuma. Mshauri akabaki na binti aliyekuwa analia na viti vitupu.

Alijilaumu wiki nzima. Mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Baba mzazi naye haingii ovyo nyumbani kwa mwanawe aliyeoa. Wageni huona ni ushamba. "Wazee wetu walichora mipaka kabla hatujaisoma vitabuni," aliniambia. "Mimi ndiye niliyekuja na kifutio." Tangu siku hiyo kiti cha mkwe aliweka barazani, kimeelekea uani, mlango ukiwa wazi. Mkwe aliongea akiwatazama kuku, mama mkwe akajibu akiutazama ukuta. Nikiwa kwenye cherehani yangu niliona wanaume wakifuta macho pale barazani, watu ambao ndani ya duara wasingetoa neno.

Maombi nayo yalimletea maneno. Chumba kilikuwa cha kanisa, kwa hivyo kila kikao kilifunguliwa kwa sala. Kisa hiki alinisimulia yeye, akiwaficha wenyewe. Mume alifumba macho akaomba, "Bwana, mguse huyu mama, ondoa roho ya kiburi." Mke akapokea, "Baba, wafungue wote waliofungwa na chang'aa." Walipofika kwa mashemeji na wifi, Mshauri alisema amina kwa nguvu, akawaambia sasa wameshagombana kupitia kwa Mungu, wagombane kidogo bila Yeye. Akaweka sheria kwamba kila mtu ajiombee nafsi yake tu, asimtaje mwingine. Sala zikawa fupi ajabu. Wazee wa kanisa walimwita kumwuliza kama amekuwa mpagani, naye akawaomba waufungue mkutano ule kwa sheria hiyo hiyo. Waliachana naye.

Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa mkali, mwepesi wa kukasirika na mzito wa kusamehe. Alimnunia mwenye kioski mwezi mzima kwa sababu ya mkate wa jana. Aliweza kukaa kimya na familia dakika kumi bila kutingisha hata kidole, akingoja mmoja wao apasuke, halafu akitoka nje anamfokea mtoto anayecheza karibu na maua yake. Alipenda ingokho, kuku wa kwetu, kuliko binadamu wengi, na kipande cha firigisi, ambacho kwetu ni cha baba wa nyumba, alikula yeye. Alisema mwenye nyumba ni yeye, kwa hivyo hajavunja mila.

Mimi mwenyewe niliingia chumba kile kwa sababu ya mdogo wangu. Nyumbani ni Kabras, tunalima miwa. Mdogo wangu alikuwa mlevi wa boma, kila boma lina wake, na sisi wetu tulimlilia, tulimtukana, tulimwombea. Nilimweleza Mshauri yote. Aliniuliza kitu kimoja: huyo mtoto alipewa jina la nani?

Alipewa jina la baba mdogo, ndugu wa baba yangu, aliyekufa kwa pombe kabla sisi hatujazaliwa. Kwetu marehemu hurudishiwa jina kwa mtoto, ni heshima. Lakini tangu mdogo wangu aanze kutembea, akianguka kidogo kukhu, nyanya yetu, alisema, "Si ndiye huyu amerudi." Akivunja kikombe, ndiye huyu. Akilala sana, ndiye huyu. Alipolewa mara ya kwanza, akiwa darasa la nane, hakuna aliyeshtuka. Nilipokuwa nasimulia hayo nilijisikia vibaya, maana sauti ya kukhu niliijua vizuri, na nilijua nami niliwahi kuyasema maneno hayo.

"Mlikuwa mnamlea mtoto au mnamngojea marehemu?" Mshauri aliuliza.

Nililia, akaniacha nilie, hakunipa hata kitambaa.

Mdogo wangu aliacha pombe miaka miwili baada ya hapo, kwa jitihada zake, na kwa kuwa sisi tuliacha kumwita kwa jina lile tukatumia la ubatizo. Nilidhani sasa nyumbani ni sherehe. Mwezi haukuisha, baba na mama walianza kugombana, ugomvi ambao hatukuwahi kuusikia, wa mambo ya kabla yangu. Kumbe kwa miaka yote hiyo kitu kimoja walichokubaliana ni kwamba mtoto wao ni shida. Mdogo wangu aliniambia, na hakuwa anatania, kwamba afadhali alewe kidogo ili wazee wapatane. Nilikimbia kwa Mshauri. Akaniambia sisi ni watu waliolala na blanketi moja. Mdogo wangu amejigeuza, lazima mwingine apigwe na baridi. Nisiende kumgeuza alale kama zamani.

Shida yangu mimi ilikuwa nyingine, na ndiyo aliyoishikia fimbo. Baba na mama walikaa nyumba moja lakini walizungumza kupitia kwangu. Simu ililia mara tano kwa siku. Mwambie mama yako, mwambie baba yako. Nilikuwa na wateja wananingoja na mkasi mkononi, nasuluhisha habari ya ng'ombe walio maili nyingi kutoka nilipo. Na ukweli usiosemwa ni kwamba nilipenda. Nilijiona nguzo ya boma.

Mshauri alisema watu wawili wakishindwa kuongea hutafuta wa tatu awabebee maneno, na mafiga yakiwa matatu chungu hutulia. "Ndiyo maana hawatakuachilia. Lakini figa ndilo linaloungua, Fundi, si chungu." Akaniambia simu ijayo nijibu vipi. Baba alipiga siku ile ile.

"Mwambie mama yako ng'ombe hajapewa maji."

"Mama yuko wapi, Papa?"

"Si yuko hapa. Anakoroga uji."

"Basi mwambie mwenyewe."

Nikasikia mwiko ukigonga sufuria.

"Yeye hunisikianga?"

"Hata mimi hanisikianga. Jaribu."

Akakata simu. Mama naye alinipigia jioni kuniuliza kwa nini nimemdharau baba yangu. Kwa majuma matatu nilikuwa mtoto mbaya wa boma, na nilikonda kweli. Kisha siku moja mdogo wangu akaniambia wazee wamekosana barazani kwa sauti, uso kwa uso, kuhusu ua wa boma, na baadaye wakala obusuma, ugali wetu, sahani moja. Mpaka leo hawajawa malaika. Lakini wanagombana wenyewe.

Sasa narudi kwa msichana wake, kwa sababu siwezi kumchora mama huyu nikaruka mahali hapo.

Ilikuwa mwaka wa nne wa ujirani wetu. Binti alikuja kwa basi kutoka Kitale, mdomo umevimba na jicho moja limefunga. Alilala kwa mama yake siku moja. Ya pili Mshauri alimwita mume wa binti, ndiye aliyempiga, akaja. Nilimwona akipanga viti kwa uangalifu wote aliojifunza: cha mkwe barazani, cha binti ndani karibu na ukuta, na chake mlangoni, katikati ya wote wawili. Alivaa koti lake la kazi. Mlango ulikuwa wazi na cherehani yangu nilikuwa nimeisimamisha, kwa hivyo nilisikia.

Alimwuliza binti yake swali alilowauliza wote waliogombana, kwa sauti ile ile ya taratibu. "Kabla hajainua mkono, wewe ulikuwa umefanya nini?"

Binti alisimama. Hakupiga kelele. "Nilikuja kwa mama," alisema. "Nimemkuta Madam."

Akatoka, akampita yule mwanamume barazani, akampita fundi aliyekuwa anajifanya hatazami. Hakurudi kwa mume, hilo nilikuja kulijua baadaye. Alipanga chumba chake Kitale, akafungua duka la vitambaa. Lakini na kwa mama yake pia hakurudi. Mshauri alifunga chumba siku nne. Alipofungua, kitu kimoja kilikuwa kimebadilika katika kazi yake. Kwa mtu mwingine yeyote aliyeingia na alama ya kipigo, hakuuliza tena nani alianza. Aliuliza kwanza leo utalala wapi. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba magomvi mengi huzunguka, huyu anamchokoza yule na yule anamchokoza huyu, lakini kipigo hakizunguki. Kina mkono mmoja. Alisema somo hilo lilikuwepo vitabuni na yeye alilipita.

Ungedhani mtu aliyeelewa hivyo angepiga simu siku hiyo hiyo. Hakupiga. Alimtuma dada yake. Mwaka uliofuata akamtuma mchungaji. Kisha binamu, kisha rafiki aliyesoma na binti. Kila mmoja alirudi na jibu moja: mama anipigie. Naye alilichukulia jibu hilo kama matusi, eti mtoto hamwekei mzazi masharti. Nilimkasirikia. Nilimwambia, nikaambiwa nirudi kwenye sindano zangu. Hatukusalimiana siku mbili.

Mwaka juzi miguu ilianza kuvimba, akaacha chumba, akarudi nyumbani kwake Shinyalu. Chumba sasa ni cha kuuzia vifaa vya simu.

Nilimtembelea mwezi uliopita, mchana wa Alhamisi. Nilipanda pikipiki kutoka mjini, tukapita mashamba ya chai na mahindi yaliyokwisha kubeba. Nilimkuta ameketi mlangoni, miguu juu ya kigoda, amepungua mpaka koti linamning'inia. Alinikosoa kwanza kuhusu mshono wa blauzi yangu. Kisha akaniambia daktari amesema moyo umechoka, na kwamba dawa zinasaidia lakini asijidanganye. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza bei ya mahindi. Ndipo akaniuliza kama bado naenda Kitale kuchukua vitambaa.

Nikasema Jumamosi naenda.

"Pitia dukani kwa msichana wangu," alisema. "Wewe atakusikia. Mwambie hali yangu. Mwambie nilikosea siku ile, nimejua nilikosea. Wewe unajua kusema vizuri."

Nilitaka kukubali. Nasema ukweli, neno ndiyo lilifika mdomoni. Mtu aliyeninyoosha maisha yangu yuko mbele yangu na miguu kama magogo, ananiomba kitu kidogo, safari ambayo nitaifanya hata hivyo. Na bado ule ugonjwa wangu wa kupenda kutumwa haujaisha. Nilijiona tayari pale dukani, nikiwapatanisha, nikishukuriwa na wote wawili.

"Siendi, Madam," nilisema.

Alidhani hakusikia vizuri.

"Vitambaa nitachukua. Maneno sibebi."

Alikasirika vibaya. Alisema hata mbwa ukimlisha miaka hukumbuka. Aliniambia nimekuwa na kiburi tangu nipate mashine ya pili. Nilikaa pale nikapokea yote, nikijua kwamba huenda huyu akafa akiwa amenikasirikia na nitabaki na hilo. Alipochoka nilimwambia nikienda mimi, binti atanijibu mimi, nami nitarudisha jibu, na hao wawili watamalizana na Fundi bila kusikiana hata sauti. Amewatuma watu wanne. Mtoto ameomba kitu kimoja tu.

"Akikata simu?" aliuliza. Sijawahi kumwona anaogopa. Alionekana mdogo.

"Atakata. Utapiga tena."

Akatoa simu mfukoni, akavaa miwani. Namba alikuwa nayo. Alikuwa nayo miaka yote. Alibonyeza, akaweka sikioni, na ilipopokelewa upande wa pili akaufungua mdomo bila neno kutoka, akanigeukia mimi. Macho yalikuwa yanaomba nimpe la kusema. Niliangalia chini. Sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo kwa mtu ninayempenda.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Ni mama."

Akasikiliza.

"Hapana, sikupigi kwa sababu ya ugonjwa. Mgonjwa niko, ndiyo, lakini si hilo. Siku ile sikupaswa kukuuliza kitu. Nilipaswa kukutandikia kitanda."

Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu mkono wake wa pili ukishika ukingo wa kiti, halafu ukilegea. Alisema ndiyo, akasema tena ndiyo, akasema hapana nimekula. Nilikuwa bado nimekaa hapo kama mjinga, mkoba mapajani, nikingoja labda nihitajike. Aliniona, akakunja uso, akanipungia mkono niende zangu, kwa kuwa alikuwa anaongea na mtoto wake.

Nikaenda.